Silikanti hajamtuma mtu akauze dawa ya sukari

Kwenye grupu la ukoo imetua voisi ndefu, imeforwadiwa mpaka imechoka. Jamaa ana sauti ya mtangazaji wa mpira na anaanza na silikanti. Wanasayansi walisema samaki huyu alishatoweka tangu enzi za dinosaria, miaka milioni 66 huko, halafu 1938 akavuliwa Afrika Kusini. Kwa hiyo ndugu zangu, hakuna binadamu anayejua kitu kwa uhakika. Mpaka hapo sina neno, nasikiliza huku nakaanga mihogo. Mwishoni ndo unajua kwa nini kaanza mbali hivyo: kama hawakujua samaki basi na daktari wako hajui sukari yako, tupa vidonge, chupa moja elfu 45, namba hii hapa.

Nimechefukwa. Kwanza mimi mtu wa Tanga na silikanti ni wa kwetu, ananaswa kwenye jarife na tuna hifadhi ya bahari yenye jina lake tangu 2009, huwezi kumchukua samaki wetu ukamtumia kuuzia maji ya mizizi halafu nikae kimya. Pili, hadithi kaikata katikati kwa makusudi, sasa ngoja niimalize.

Yule wa 1938 alikutwa kwenye rundo la samaki wa meli ya uvuvi, bandari ya East London hukohuko Afrika Kusini, na dada wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer. Mwenyekiti wa makumbusho akamwambia huyo ni chewa tu. Mochwari ikakataa kumhifadhi, joto la Desemba nalo hilo, matumbo yakaoza yakatupwa. Yeye hakukata tamaa, akachora mchoro wa harakaharaka akautuma kwa J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki wa Chuo cha Rhodes, na Smith kuuona tu akashtuka, maana yale mapezi yenye nyama kama viguu na mkia wenye kishungi katikati alikuwa anavijua. Alivijulia wapi wakati hakuna msomi aliyewahi kumwona akiwa na damu? Kwenye mawe! Kwenye visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, ambavyo watu walikuwa wanavichora na kuvilinganisha kwa karibu miaka 100 kabla yake.

Umeona hapo. Walewale wanaoambiwa hawajui kitu ndo ujuzi wao uliomtambua samaki. Kilichoanguka ni kitu kimoja, kwamba wameisha, na hicho hakuna aliyekiona kwa macho toka mwanzo, walikosa mifupa yake kwenye mawe ya karibuni wakasema basi huyu kaisha. Mengine yote, mapezi, mkia, magamba, yalisimama palepale. Bila hiyo elimu angebaki chewa wa ajabu na angeishia jalalani.

Nikubali kitu, kwa shingo upande. Wasomi walikuwa na kiburi. Smith alisubiri miaka 14 kupata wa pili, anagawa vipeperushi vya zawadi ya pauni 100, kumbe wavuvi wa Komoro wanamnasa siku zote, wanamwita gombesa na wala hawamtamani kwa kula. Huyo wa pili alipatikana kisiwa cha Nzwani, hukohuko Komoro, mwaka 1952, na mtu angeenda kuwauliza mapema yangeisha mapema. Ila na wavuvi nao, kwamba mababu wa gombesa wamelala kwenye mawe ya mamilioni ya miaka, wangelijulia wapi? Na kusahihishana hakujaisha, kuna wakati iliaminika anaishi kama miaka 20 hivi, mwaka 2021 watafiti wakayaangalia magamba upya kwa mwanga mwingine wakakuta ni karibu 100. Jamaa akilisikia hili atapandisha bei ya chupa.

Sasa kinachoniudhi hasa ni kwamba shaka yake ina upande. Daktari anamtilia shaka, maabara anaitilia shaka, kiwanda cha vidonge usiseme, ila chupa yake haigusi. Nikamuuliza binamu aliyeileta ile voisi, tukiona nini ndo tutajua hii dawa haifanyi kazi? Nikajibiwa "we msomi una dharau sana". Kaka, hilo sio jibu. Daktari ukimuuliza hivyo anakutajia namba, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 kikiwa juu tunabadilisha dozi. Wa chupa sukari ikishuka ni dawa, ikipanda ni sumu inatoka. Huyo ndo mwenye uhakika kuliko wote kwenye lile grupu halafu anatuhubiria kwamba uhakika haupo!

Uhakika wa mia kwa mia haupo, sawa, chukueni. Imam Ghazali mwenyewe, yule mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu, zaidi ya miaka 900 iliyopita, shaka ilimshika karibu miezi 2, haamini macho wala akili, na anasema hakutolewa na hoja bali na nuru Mungu aliyomtia kifuani. Namheshimu. Ila Ghazali alipopona hakufungua duka.

Jumamosi nikaenda kwa shangazi maana nilisikia vidonge kavipandisha juu ya kabati. Shikamoo, marahaba, nikatoa mashine nikamtoboa kidole: 19.4. Nikaishiwa nguvu. Yeye wala, "Si unaona mwanangu, hata hicho kimashine chenu kiongo, mbona mimi mzima?" Ndo nikaona sinia pembeni yake, kisu na maganda ya embe, vidole vinang'aa utamu. Nikamwambia kanawe shangazi, kwa sabuni, ujifute ukauke. Stripu mpya, kidole kingine: 11.2. Bado iko juu, hilo hatukubishana, na vidonge vikashuka kabatini.

"Sasa ile ya kwanza ilikuwa sukari ya nani?"

"Ya embe, shangazi."