Ukienda Ufaransa na baiskeli, iache lami

Mtu akisema anaenda kuendesha baiskeli Ufaransa, moja kwa moja tunaiona milima ya Tour de France: Mont Ventoux, Alpe d'Huez, na dakika alizotumia kupanda zikioneshwa kwenye simu. Sina ugomvi na milima hiyo. Ninachopinga ni kuijua Ufaransa kwa lami peke yake, kwa sababu nchi ile ina hazina nyingine ambayo hata wenyeji wengi wameipa kisogo. Nazungumzia njia za vijijini, za udongo na kokoto, zinazopita kwenye mashamba na misitu hadi kwenye malango ya vijiji vya Zama za Kati. Kwangu mimi hakuna njia bora zaidi za baiskeli Ulaya nzima. Tena kila anayezipita anazisaidia zisipotee, na hilo ni jambo la kisheria kabisa. Nitalifikia.

Wengi wetu baiskeli ya changarawe, yaani ile ya tairi pana inayofaa njia zisizo na lami, tuliijua kwa mashindano. Migration Gravel Race ilipoanza Maasai Mara mwaka 2021, picha zake zilitufanya tusimame tutazame. Suleiman Kangangi, Mkenya aliyeupigania mchezo huu kwa moyo wake wote, alifariki Agosti 2022 akiwa mbioni Vermont, Marekani, na jina lake bado linatajwa kwa heshima popote waendeshaji wanapokutana. Nayapenda mashindano. Ila baiskeli hii ina kazi nyingine iliyo kubwa vilevile: kumfikisha mtu mahali polepole, kwa njia ambayo gari haliwezi kuipita na mtembea kwa miguu angeimaliza kwa siku nyingi.

Na kazi hiyo Wafaransa waliijua zamani. Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyejulikana kwa jina la Vélocio, alianzisha jarida la waendesha baiskeli mwaka 1887 na akatumia maisha yake akihubiri safari ndefu za starehe, tairi pana na gia za kubadilisha. Wakuu wa Tour de France walizikataa gia hizo hadi mwaka 1937, huku watu wa kawaida wakipandia nazo milima bila shida. Mwaka 1936 wafanyakazi walipopata haki ya wiki mbili za likizo yenye malipo, maelfu waliondoka mijini kwa baiskeli. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kutembeza tairi nene kwenye vumbi la Ufaransa ni mtindo mpya, mwambie asome historia.

Eneo ninalolipenda kuliko yote ni Quercy, mkoani Lot, kusini-magharibi. Treni ya kutoka Paris kwenda Toulouse inasimama Cahors, na treni za mkoa zinapokea baiskeli bila kuifungua. Ukishavuka daraja la Valentré, lililoanza kujengwa mwaka 1308, na kupanda kutoka bondeni, unaingia kwenye nyanda za mawe ya chokaa. Hapo ndipo raha inapoanza. Njia ni nyeupe. Pande zote mbili kuna kuta za mawe yaliyopangwa kwa mkono bila udongo wala saruji, na nyuma ya kuta kuna mialoni mifupi na kondoo wenye mabaka meusi kuzunguka macho, utadhani wamevaa miwani. Hapa na pale kuna kibanda cha mawe cha mchungaji, paa lake nalo ni la mawe. Kuta zile hazikujengwa kwa urembo. Wakulima walikuwa wakiokota mawe ili wapate pa kulima, na mawe yalipaswa kuwekwa mahali. Wakayafanya mpaka wa shamba, na katikati ya mipaka ikabaki njia. Unapopita hapo unapita ndani ya jasho la watu wa karne nyingi, na sijui barabara ya lami inayoweza kukupa hilo.

Jiwe la chokaa linanyonya mvua yote, kwa hiyo njia inakauka haraka, lakini juu ya uwanda huwezi kukuta kijito. Beba maji. Yakiisha, tafuta makaburi ya kijiji: karibu kila mahali kuna bomba la kumwagilia maua, na waendesha baiskeli wa Ufaransa wamekunywa hapo miaka nenda rudi. Soma kwanza kama kuna kibao kinachosema maji hayafai kunywa. Tairi za milimita 40 hadi 45 zinatosha, ujazo wa upepo uwe mdogo, na ukiweza tumia zisizo na tyubu zenye maji ya kuziba, maana ncha za mawe yale hazina huruma.

Kisha vijiji. Saint-Cirq-Lapopie umekaa juu ya jabali, Mto Lot ukiwa chini kabisa. Mwaka 2012 watazamaji wa televisheni waliupigia kura kuwa kijiji kipendwacho zaidi na Wafaransa, na tangu hapo Julai na Agosti hapapitiki kwa wingi wa wageni. Ni kizuri kweli. Lakini aliyefika kwa gari, akaegesha, akapiga picha na kuondoka, hakupata nafasi ya kujiuliza kwa nini kijiji kipo pale. Ukifika kwa njia ya zamani, miguu inakujibu. Kilima kinakukatalia kama kilivyomkatalia adui, na ukigeuka nyuma unaliona bonde lote ambalo mabwana wa ngome walikuwa wakililinda pamoja na mashua zilizopita mtoni. Kwenye vichochoro vyake vya mawe, shuka, sukuma baiskeli. Ni nyumbani kwa watu.

Mfano mkubwa zaidi ni Conques, mkoani Aveyron. Katika karne ya 9 mtawa wa Conques aliiba mabaki ya Mtakatifu Foy kutoka mji wa Agen na kuyaleta kwenye bonde hili la kujificha. Wizi mtupu, lakini ulifanya kazi. Mahujaji wakaanza kuja, na njia ya hija ya kutoka Le Puy-en-Velay kwenda Santiago de Compostela, Hispania, ikapita hapo. Sadaka zao zikajenga kanisa lile lenye mchongo wa Siku ya Hukumu juu ya mlango, ambapo waovu wanamezwa upande mmoja na wema wanapokelewa upande mwingine. Yaani njia ndiyo iliyozaa kijiji. Bila watu kupita, Conques isingekuwa chochote. Leo sehemu ya njia hiyo ni ya mawe na mizizi na wanaotembea ni wengi, hivyo mwenye baiskeli apishe, asalimie, na pale penye mteremko mkali achukue kijibarabara cha pembeni.

Sasa turudi kwenye sheria. Ufaransa ina komuni takriban 35,000, yaani serikali za mitaa zenye meya wake, nyingi zikiwa ndogo sana, na njia hizi za vijijini ni mali ya komuni, zimewekwa kwa matumizi ya umma. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mashamba madogo yalipounganishwa ili matrekta yafanye kazi, njia nyingi zililimwa na kutoweka pamoja na miti ya mipakani. Zilizobaki zina ulinzi, lakini ulinzi huo una sharti. Sheria inachukulia kwamba njia ni ya umma pale umma unapoitumia. Ikiacha kutumika, komuni inaweza kuiuza baada ya kuuliza wananchi, na mara nyingi mnunuzi ni jirani mwenye shamba ambaye tayari ameanza kuifunga kwa waya. Ndiyo maana nasema alama ya tairi kwenye vumbi ni ushahidi. Jioni ukiwa umechoka na ramani inakuonesha lami fupi upande wa kulia na njia ya majani upande wa kushoto, nakuomba ukate kushoto.

Nakuomba pia usishikwe na orodha. Tangu mwaka 1982 kipo chama cha vijiji vizuri kuliko vyote vya Ufaransa, kilichoanzishwa na meya wa Collonges-la-Rouge, na kimeokoa vijiji vingi. Lakini kijiji cha pili, kisicho na kibao cha chama, ndicho kilichobakiwa na duka moja la mkate. Nunua mkate hapo kabla ya saa sita mchana, kwa sababu wanafunga, na Jumatatu huenda wasifungue kabisa. Kunywa kahawa palepale. Euro chache za mpita njia zinahesabika mahali ambapo wateja wa asubuhi nzima wanajulikana kwa majina.

Tahadhari mbili. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ni msimu wa uwindaji: vaa rangi inayong'aa, na ukikuta kibao cha msako, geuza. Mlimani, ukikutana na mbwa wakubwa weupe wanaolinda kondoo, shuka, weka baiskeli kati yako na wao, tembea taratibu ukizunguka kundi.

Na ukiona mwanzoni mwa njia tangazo la komuni limebandikwa kwenye mti au nguzo, lisome, au mwombe mtu akusomee. Njia ikitaka kuuzwa, tangazo hubandikwa hapo siku zisizopungua 15 kabla ya maoni kuanza kupokelewa, na daftari la maoni huwekwa ofisi ya meya. Huhitaji kuwa raia wala mkazi. Andika kwamba ulipita, lini, na ulikuwa unaelekea wapi.