Mteja Unayempigia

Mimi ni nesi wa kiume. Cheka umalize, halafu tuendelee.

Namuuguza Mzee mmoja huku Tegeta, nyumbani kwake. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia kikaondoka na kauli yake. Alibakiwa na maneno matatu: "maji", "hapana", na lile la tatu ambalo mama mwenye nyumba akilisikia hujifunika khanga usoni. Kazi yenyewe sina ugomvi nayo. Kila baada ya saa mbili namgeuza asije akapata vidonda vya mgongo, nampima presha, nampima sukari, namnyoosha viungo. Mama huyo asubuhi ananiita "dokta", ila vyombo vikijaa kwenye karai naitwa "kijana".

Tatizo langu ni supavaiza.

Kampuni ilinipa namba yake siku ya kwanza: "Ukikwama popote, huyu hapa." Jamani, nimekwama mpaka shingoni na huyu hapa simuoni! Namwandikia kwa adabu zote: "Shikamoo dada, habari za tangu juzi, glovu zimebaki jozi nne." Tiki mbili. Bluu. Kimya. Laiti ingebaki tiki moja ya kijivu, ningejisemea labda bando limemwishia. Lakini bluu! Amesoma, ameelewa, akaendelea na maisha yake. Dakika mbili baadaye naona ameweka status: chipsi kuku, na chini yake maneno ya kututaka tusichoke kutenda mema.

Juzi wa kunipokea zamu hakutokea. Saa nne usiku nikamuuliza supavaiza: "Dada, nimwache Mzee niondoke, au nikeshe tena?" Akajibu! Nusura nipige vigelegele. Kufungua, nakuta dole gumba. Sasa dole gumba la lipi? La kuondoka au la kukesha? Nikalikuza kwenye kioo, nikaigeuza simu juu chini, huenda kidole kinaelekeza mlangoni. Nikakesha.

Na usiku huohuo, saa nane, Mzee analowa jasho, mkono unatetemeka. Nikamtoboa kidole: 3.1. Hiyo sukari iko chini, si ya kuchezea. Nashukuru kumeza anameza vizuri. Nikamkalisha wima, nikakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji ya uvuguvugu, nikamnywesha taratibu. Mkono mmoja kijiko, mwingine simu, nimeweka spika: "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa." Nikapiga tena. Hapatikani. Mzee ananitazama mimi, anaitazama simu, ananitazama tena. Baada ya dakika 15 nikapima: 5.4. Na hiyo ndiyo ilikuwa stripu ya mwisho ya kupimia sukari kwenye kopo.

Saa tatu asubuhi akanijibu: "Pole. Ripoti umeandika?"

Usidhani simu yake ni mbovu. Mwezi jana nilichelewa dakika 12, mvua ilikuwa inanyesha, na hata kwenye bajaji sijashuka simu ikaita: "Uko wapi?" Na kwenye grupu la mchango wa sendoff ya mdogo wake, ukiandika tu "naahidi elfu hamsini", hujatoa kidole kwenye kioo ameshakujibu "barikiwa sana mpendwa".

Hapo ndipo shetani aliponishauri. Nikamwandikia: "Dada, kuhusu ule mchango..." Sekunde tatu! "Niambie mpendwa wangu 😊"

Nikamwambia: "Naomba glovu na stripu."

Bluu.

Basi, Jumapili binti wa Mzee akaja kutoka Morogoro. Nilikuwa nimemfanyisha Mzee mazoezi ya kutamka wiki nzima, ba-ba, ma-ma, nikataka na mimi nionekane. Nikamwambia, "Mzee wangu, wasemeshe wageni." Sebule ikanyamaza. Mzee akakusanya nguvu, akainua mkono wa kushoto mpaka sikioni kama mtu aliyeshika simu, akavuta pumzi:

"Ha... pa... ti... ka... ni."

Mama akaangua kilio cha furaha. Binti akamwambia arudie ili amrekodi, Mzee akarudia, mara hii kwa sauti ileile ya yule dada wa kwenye mtandao, kakosa tu "jaribu tena baadaye". Mimi nikainamia dirishani kana kwamba narekebisha pazia.

Video akairusha hapohapo kwa supavaiza. Jibu likaja kabla binti hajaweka simu mezani: "Hongereni sana!!! Hayo ndiyo matunda ya usimamizi wa karibu."

Glovu imebaki jozi moja. Nimeifua, iko kambani.