Losheni ya Jua Ikae na Dawa, Isikae na Manukato

Ingia duka lolote kubwa la dawa mjini, losheni ya kukinga jua utaikuta imepangwa pamoja na manukato na sabuni za urembo. Bei yake nayo ni ya urembo. Kwa mtu mwenye ualbino hiyo ni dawa ya kila siku, na naona tunakosea sana kumuuzia kama anasa.

Tabaka la juu la ngozi ni jembamba. Sehemu kubwa ya mwili halifiki hata milimita moja. Linajifanya upya takriban kila mwezi: seli zinazaliwa chini, zinapanda, zinakufa na kupukutika. Huko chini zimo pia seli zinazotengeneza melanini, yaani ile rangi ya ngozi. Watu wa rangi zote wanazo kwa idadi inayokaribiana, ila kiasi cha melanini kinachotoka humo ndicho kinachotofautiana. Melanini hiyo hugawiwa seli za jirani, nazo huitandaza juu ya kiini cha seli, upande ule ule jua linakotokea, kama mwavuli. Ndani ya kiini kuna DNA, yaani maelekezo ya urithi yanayoiongoza seli, na miale ya jua ya urujuanimno ikiifikia huiharibu.

Mwenye ualbino anazo seli hizo, lakini melanini haitengenezwi au ni kidogo mno. Naye anaishi huku kwetu, jirani na Ikweta, ambako jua hutupiga karibu wima mwaka mzima na miale yake hupenya hata siku ya mawingu.

Madhara hujikusanya tangu utotoni. Mdomo wa chini hupasuka. Mabega na mikono hujaa madoa ya hudhurungi. Halafu hutokea vidoa vikavu vyenye magamba puani, masikioni, shingoni na migongoni mwa viganja. Ukipitisha kidole utahisi vinakwaruza kabla hujaviona vizuri. Hatua hiyo inatibika kwa urahisi. Daktari huvigandisha kwa naitrojeni ya kimiminika na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Vikiachwa, baadhi hugeuka saratani: kidonda kinachotoa damu kikiguswa, kinachofunga gaga na kufumuka tena, mwezi unapita hakijapona. Wengi wanafikishwa hospitali kidonda kimeshakula sikio, na hapo upasuaji huwa mkubwa, pengine umechelewa.

Tumelelewa na uongo kwamba watu wenye ualbino hawafi, bali hutoweka. Inaniuma kila ninapoufikiria. Walikuwa wanakufa, na wengi walikufa wangali vijana kwa saratani ambayo kivuli, kofia na nguo za mikono mirefu zingeipunguza sana.

Nimemwona mtoto wa darasa la tatu amesimama mstarini saa nne na nusu asubuhi, kichwa wazi kwa sababu kofia haimo kwenye sare ya shule. Alikuwa amekunja macho, midomo imechanika, shingo nyekundu. Mwalimu wake hakuwa mkatili hata kidogo. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kinachoendelea pale kwenye ile shingo ni ugonjwa unaoanza.

Uwezo tunao. Moshi, pale hospitali ya rufaa ya KCMC, kuna chuo cha magonjwa ya ngozi tangu 1992 ambacho kimefundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika, na losheni ya Kilisun hutengenezwa huko huko kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba hili ni jambo la nchi tajiri, sikubali. Kilichobaki ni kuifikisha zahanati ya kijiji, bure, mwezi baada ya mwezi, kama zinavyofikishwa dawa za kifua kikuu. Chupa moja ya msaada kila tarehe 13 Juni, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, haimfikishi mtu popote, maana losheni hupakwa upya kila baada ya saa mbili akiwa juani.

Shule nazo ziruhusu kofia pana na mikono mirefu bila mzazi kuandika barua ya kuomba, na zamu ya mtoto mwenye ualbino ya kumwagilia bustani iwe alfajiri. Na mhudumu wa zahanati, hata mtu mwenye ualbino akija kwa homa tu, amkague masikio, midomo na nyuma ya shingo kabla hajamruhusu kuondoka.