"Wamekusudiwa" na nani, na lini? Kitenzi kimoja cha Matendo 13:48

Paulo na Barnaba wanahubiri Antiokia ya Pisidia, watu wa Mataifa wanafurahi, "nao waliokuwa wamekusudiwa uzima wa milele wakaamini." Ndivyo isemavyo Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya 1952. Kwa wafuasi wa Calvin, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti wa karne ya 16, mjadala umefungwa hapo: Mungu huchagua kwanza, imani hufuata. Wapinzani wao husema Kigiriki, lugha ya asili ya Agano Jipya, hakisemi hivyo.

Kitenzi chenyewe ni *tasso*, kupanga au kuweka mahali pake, kama jemadari apangavyo askari. Wafasiri wetu hawakukipa neno moja. Akida wa Luka 7:8 "amewekwa" chini ya mamlaka. Sauli, katika Matendo 22:10, ataelezwa mambo "yaliyoamriwa". Nyumba ya Stefana, 1 Wakorintho 16:15, "wamejitia" katika kazi ya kuwahudumu watakatifu.

Hilo la mwisho ndilo silaha ya wapinzani. Umbo lililotumika Matendo 13:48, *tetagmenoi*, kwa sarufi laweza kuwa la kutendwa au la kujitendea, kwa hiyo wanasoma "waliojiweka tayari". Muktadha nao unawapa nguvu: mistari miwili nyuma, Wayahudi wanalisukumia mbali neno na "kujiona" hawastahili uzima wa milele. Waliokataa wamekataa wenyewe. Kwa nini walioamini wasiwe wamejiweka wenyewe?

Hoja nzuri, ila hainishawishi. Paulo alipotaka kusema watu wa Stefana walijitia kazini, aliongeza neno la "nafsi zao" waziwazi. Hapa halipo. Na pale 22:10 aliyeamuru ni Bwana, si Sauli. Kutendwa ndiko kunakokaa vizuri zaidi.

Lakini upande wa pili nao huzidisha. Vulgata, tafsiri ya kale ya Biblia kwa Kilatini, iliandika *praeordinati*, "waliopangwa tangu kabla", na hiyo "kabla" haimo katika Kigiriki. Luka, mwandishi wa Matendo, alikuwa na kitenzi cha kuamua tangu zamani, *proorizo*, na alikitumia Matendo 4:28. Hapa hakukitumia. Mstari unasema waliwekwa, hausemi lini.

Neno "kukusudiwa" katika Kiswahili chetu linaleta nia, mtu aliyekaa akawaza. Kigiriki ni kikavu zaidi ya hapo. Siwalaumu wafasiri, maana "waliowekwa uzima" si Kiswahili cha mtu, na "waliowekwa kwa ajili ya uzima" lingekuwa refu ingawa karibu zaidi.

Kitenzi hichohicho ndicho kilichopo Warumi 13:1, kuhusu mamlaka: "ile iliyopo umeamriwa na Mungu" (ndiyo, imechapwa "umeamriwa"). Hapo uzito wa neno la Kiswahili unaonekana zaidi. Mamlaka iliyowekwa mahali pake ina mpaka, na aliyeiweka anaweza kuiuliza. Iliyoamriwa inasikika kama yenyewe ni amri, na watawala huupenda mstari huo hivyohivyo ulivyo.