Acheni kuunganisha taa ya eabegi na taa ya oili

Pikapu ya Toyota Hilux Vigo inauzwa. Imepigwa rangi upya, dashibodi ni safi, hakuna taa hata moja iliyobaki inawaka. Nyuma ya hiyo dashibodi kuna kiwaya kimechomelewa kutoka taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaomkinga mtu kwenye ajali) kwenda taa ya oili, ili zote mbili ziwake ukifungua swichi na zizime injini ikinguruma. Eabegi yenyewe ilishakufa siku nyingi. Kazi hii inafanywa mchana kweupe, inalipwa, na inaitwa ufundi. Inanikera mno, kwa sababu anayedanganywa ni mtu atakayempandisha mkewe na watoto humo bila kujua.

Kuigundua hakuhitaji mashine. Fungua swichi hadi ON, usipige stata. Taa ya SRS, yaani hiyo ya eabegi, inatakiwa iwake kama sekunde 6 kisha izime yenyewe, injini ikiwa bado imelala, huku taa za oili na chaji zikiendelea kuwaka. Kama ya eabegi inasubiri injini iwake ndipo izime pamoja na ya oili, imefungwa nayo. Kama haiwaki kabisa, imetolewa au imezibwa. Ikiwaka na kubaki hivyo hata gari likitembea, hapo angalau gari linasema kweli.

Sasa likisema kweli, lisikilizeni. Kidude cha bei rahisi cha kuchomeka na kusoma kwa simu mara nyingi kinaishia kwenye injini. Tafuta mashine inayoingia upande wa SRS. Kwenye Hilux hizi za 2005 hadi 2015 utakutana sana na kodi (namba ya hitilafu) B1801, yaani njia ya umeme ya eabegi ya dereva imekatika. Mafundi wengi wakiona hivyo wanakimbilia kununua eabegi. Mtuhumiwa wa kwanza ni kebo iliyo chini ya usukani, utepe mwembamba uliozungushwa ndani ya kasha kama futi ya fundi cherehani. Utepe huohuo unabeba honi, hivyo honi ikigoma na taa ikawaka kwa pamoja, hujabakiwa na mengi ya kutafuta.

Namna ya kuthibitisha ni hii. Zima swichi, toa waya wa hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90 ili chaji iliyobaki kwenye kompyuta ya eabegi iishe. Legeza skrubu mbili za Torx T30 pembeni mwa usukani, chomoa soketi, kisha laza eabegi chini uso ukitazama juu. Usiipime kwa mita hata kidogo: mkondo mdogo wa mita unaweza kuilipua. Mahali pake weka rezista (kipande kidogo cha kuzuia umeme) ya ohm 2, rudisha betri, futa kodi, zungusha usukani taratibu kushoto na kulia. Kodi isiporudi, kasoro iko kwenye eabegi au soketi yake. Ikirudi, iko kwenye kebo au waya unaoendelea chini. Kebo ikishachomolewa pande zote mbili unaweza kuipima kwa mita, lakini pima waya mmoja mmoja kutoka mwisho hadi mwisho. Ndani ya soketi za njano kuna kibati cha springi kinachounganisha nyaya mbili pindi soketi inapochomolewa, ili umeme wa bahati mbaya usilipue eabegi mkononi. Ukipima nyaya mbili pamoja, kibati hicho kitakuonyesha shoti isiyokuwepo.

Kibati hichohicho ndicho kinacholeta B1800, kodi ya shoti, baada ya fundi kurudisha soketi bila kuisukuma hadi ilie "tak". Kisipoinuliwa, nyaya zinabaki zimeshikana. Sukuma soketi vizuri kabla hujalaumu spea.

Kebo mpya ikifungwa bila kuwekwa katikati, itakatika mara ya kwanza ukikata kona hadi mwisho. Nyoosha matairi ya mbele, zungusha kebo taratibu hadi igome, irudishe takribani mizunguko miwili na nusu, linganisha alama zake. Anayeshusha steringi boksi na kuacha usukani ukizunguka huru anaikata vilevile.

Soketi za chini ya viti hujaa vumbi na maji ya kuoshea. Sensa za mbele, zinazohisi mgongano, hupata kutu, hasa gari likishanyooshwa bodi. Betri dhaifu nayo huwasha taa, ipime kabla ya yote.

Rezista ile ya majaribio ndiyo inayonipandisha hasira zaidi. Wapo wanaoiacha humo na kufunika kava. Kompyuta inaona ohm 2, inaamini eabegi ipo, taa inazima kama inavyotakiwa, na ule mtihani wa sekunde 6 unapita. Siku ya ajali umeme unakwenda kwenye rezista na kifua cha dereva kinakwenda kwenye usukani. Nakubali spea ni ghali na gari ni la zamani. Kebo iliyotumika, ikiwa nzima, sina ugomvi nayo sana. Eabegi ya kuokota kwenye gari lililogongwa, hapana. Kama hela haipo, acha taa iwake na mwambie mwenye gari ajue anaendesha bila kinga hiyo.

Na hata taa halali ikizima, hainusi kila kitu. Eabegi za kampuni ya Takata ya Japani zilizotumia amonia nitrati, kemikali ya kulipua mfuko, bila kikausha unyevu ziliharibiwa na joto na unyevu wa miaka mingi bila taa kuwaka. Mwaka 2018 Ford iliwataka wenye baadhi ya pikapu zake za Ranger za 2006 huko Marekani waache kabisa kuziendesha. Kama gari lako lina eabegi ya aina hiyo, utajua kwa namba ya chesisi tu, kwenye orodha ya mtengenezaji.

Ukienda kukagua pikapu, omba kava la usukani lifunguliwe, betri ikiwa imetolewa. Muuzaji akikataa, ondoka.