Kadi ya nje inasingiziwa

Kuna malalamiko ninayoyasikia tena na tena kutoka kwa wacheza gemu wenye kompyuta mpakato. Mtu amejinyima, amenunua kadi ya grafiki ya maana, yaani kifaa kinachochora picha za gemu, na kasha la kuiweka nje ya kompyuta, amechomeka, taa zimewaka, gemu limefunguka. Badala ya zile fremu, yaani picha, 100 kwa sekunde alizoziona kwenye video za wenzake, anapata 45, tena zinazokatakata. Akiuliza afanyeje, jibu la kwanza analopewa karibu kila mara ni kwamba kadi yake ni ndogo, anunue kubwa zaidi. Kwangu mimi hakuna jibu baya kuliko hilo, na nasema hivyo kwa sababu nililifuata na nikalilipia.

Laptopu yangu ilikuwa na prosesa ya wati 15 na tundu la Thunderbolt 3, lile la kasi la kuunganishia vifaa vya nje. Kadi ya kwanza ilinipa fremu hamsini na kitu. Nikaiuza, nikaongeza fedha, nikanunua kadi ya ngazi mbili juu yake. Fremu zikaongezeka tatu. Ndipo nilipofanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kutoa hata senti moja: niliwasha vipimo kwenye kona ya skrini wakati gemu likiendelea, nikatazama kadi inatumika kwa asilimia ngapi. Ilikuwa inazunguka kwenye asilimia 40. Zaidi ya nusu ya muda wake kadi ilikuwa imekaa, inasubiri kazi.

Naomba kila mwenye tatizo hili aanze na kipimo hicho. Programu kama MSI Afterburner inaonyesha matumizi ya kadi, joto, kumbukumbu iliyojaa na kazi ya kila kiini cha prosesa, yote juu ya gemu lenyewe. Kadi ikiwa kwenye asilimia 95 na kwenda juu, basi kweli imezidiwa, na kununua kubwa zaidi kuna mantiki. Ikiwa kwenye 50 au 60 huku fremu ni chache, kadi haina kosa. Kuna kitu kinachoichelewesha, na mara nyingi kitu hicho ni njia inayoiunganisha na kompyuta.

Watu wanasoma "gigabiti 40 kwa sekunde" kwenye boksi la Thunderbolt 3 na kuridhika. Lakini hizo 40 ni za kebo nzima, pamoja na picha za monita na vifaa vingine. Data ya PCIe, ambayo ndiyo lugha ya kadi ya grafiki, inatengewa 32 kwa juu kabisa, na kwa vitendo kinachofika kwenye kadi ni kama 22. Igeuze iwe baiti kwa kugawa kwa nane, unapata gigabaiti 2.75 hivi kwa sekunde. Kadi hiyohiyo ikiwa ndani ya kompyuta ya mezani, kwenye nafasi ya PCIe 3.0 yenye njia 16, ina karibu gigabaiti 16 kwa sekunde kila upande. Hapo hatujagusa PCIe 4.0, ambayo ni mara mbili ya hiyo. Kwa hiyo kadi yako imetolewa kwenye barabara kuu ikawekwa kwenye kichochoro. Ukiongeza ukubwa wa lori, kichochoro hakipanuki.

Sasa njoo kwenye kosa linaloniuma kuliko yote, kwa sababu dawa yake ni rahisi na wengi hawaijui: kuchezea gemu kwenye skrini ya laptopu yenyewe. Skrini hiyo haijaunganishwa na kadi ya nje. Kila fremu ikishachorwa kule nje, lazima inakiliwe irudi kwa kebo ileile hadi kwenye kumbukumbu ya laptopu, ndipo kadi ya ndani iionyeshe. Piga hesabu. Fremu moja ya 1920 kwa 1080, kila nukta ikichukua baiti nne, ni karibu megabaiti 8.3. Kwa fremu 60 kwa sekunde hiyo ni nusu gigabaiti. Chukua sasa laptopu za siku hizi zenye skrini ya 2560 kwa 1600 inayokwenda hadi hezi 165. Kuijaza skrini hiyo kunahitaji karibu gigabaiti 2.7 kila sekunde, na hizo ni picha zinazorudi tu. Ni kiasi kinacholingana na data yote ya PCIe ambayo kebo inaweza kubeba kwa upande mmoja! Skrini iliyonunuliwa kwa ajili ya kasi ndiyo inayoinyima kadi pumzi.

Chomeka monita ya nje, na uichomeke kwenye kadi yenyewe. Nasisitiza hapo, kwa maana nimeona watu wakinunua monita kisha wakaichomeka kwenye tundu la HDMI la laptopu, wakarudi kulekule walikotoka. Kisha hakikisha gemu limefunguka kwenye monita hiyo, na kwamba kwenye mipangilio ya skrini ya Windows, sehemu ya michoro, umelipangia gemu hilo litumie kadi ya nje. Zipo laptopu zenye kadi mbili ndani, na gemu linaweza kuamua kutumia mojawapo ya hizo huku kadi yako ya bei mbaya ikizungusha feni bure.

Jambo la pili ni gumu kuaminika hadi ulijaribu. Fremu zikipungua, mkono wa mcheza gemu huenda wenyewe kushusha resolusheni, yaani idadi ya nukta za picha, na ubora wake. Kwenye kompyuta ya mezani hiyo ni akili. Kwenye kadi ya nje inayosubiri, haisaidii chochote. Kinachopita kwenye kebo kwa wingi ni maagizo ya kuchora na data ya kila fremu, na hayo hayapungui sana kwa sababu tu picha imekuwa ndogo. Zaidi ya hapo, kadi ikimaliza mapema inaomba fremu nyingine haraka zaidi, na kila fremu mpya inadai maagizo mapya kutoka kwenye prosesa ileile kupitia kichochoro kilekile. Ndiyo maana hasara ya kadi ya nje huwa kubwa kwenye resolusheni ya chini na fremu nyingi, na hupungua ukipanda kwenda 1440 au 4K. DLSS na FSR, zile mbinu za kuchora picha ndogo kisha kuikuza, nazo ziko hivyohivyo: zinapunguza kazi ya kadi, na kadi isiyo na kazi ya kutosha hainufaiki kwa kupunguziwa.

Mimi nilipandisha. Niliweka vivuli vya juu, taa za juu, resolusheni ya 1440, na fremu hazikushuka hata moja. Kisha nikaweka kikomo cha fremu 60, na hapo ndipo ile hali ya kukatakata ilipotulia, kwa sababu njia ilipata nafasi ya kupumua kati ya fremu na fremu. Wapo watakaosema hakuna mtu anayenunua kadi kubwa ili acheze kwa fremu 60. Nawaelewa. Lakini fremu 60 zilizonyooka nazichagua mbele ya 85 zinazoanguka hadi 30 kila ukigeuka kona. Wastani unaficha mengi. Tazama zile fremu za chini kabisa, asilimia moja ya mwisho, ndizo macho yanazozihisi.

Mpangilio mmoja tu ndio ninaoushusha bila kusita: ubora wa teksicha, yaani picha zinazofunika nyuso za vitu ndani ya gemu, pale kumbukumbu ya kadi inapokaribia kujaa. Kumbukumbu hiyo ikijaa, gemu linaanza kuhifadhi vitu kwenye RAM ya laptopu na kuvifuata huko kila vinapohitajika. RTX 3060 ya gigabaiti 12 inasoma kumbukumbu yake kwa gigabaiti 360 kwa sekunde. Kuvuta kitu hichohicho kutoka RAM kupitia Thunderbolt 3 ni zile 2.75. Tofauti ni zaidi ya mara mia. Kwenye kompyuta ya mezani kadi ya gigabaiti 8 iliyojaa inasumbua kidogo. Kwenye kasha la nje gemu linagandaganda. Ukiniuliza nichague kadi ya kutumia nje, nitachukua yenye kumbukumbu kubwa na kasi ya wastani kuliko yenye kasi kubwa na kumbukumbu finyu.

Upande wa laptopu nako kuna mambo. Prosesa za wati 15 zimeundwa kutunza betri, na gemu zito huzishusha kasi ndani ya dakika chache. Kama RAM ni kipande kimoja na kuna nafasi ya kuongeza cha pili, ongeza. Prosesa itapata njia mbili za kuifikia kumbukumbu. Halafu angalia umeme. Makasha mengi huichaji laptopu kwa kebo ileile ya data, na watu hufurahia kuchomeka waya mmoja tu. Lakini kama chaja yako ya asili ni ya wati 130 na kasha linatoa 60, betri itakuwa inapungua taratibu huku ukicheza, na kompyuta itaibana prosesa ili ijiokoe. Chomeka chaja yake. Mezani patakuwa na waya wa ziada, basi.

Kebo pia. Ile fupi iliyokuja na kasha itumie hiyohiyo. Kebo za kawaida za Thunderbolt 3 zikirefuka zinaweza kushuka hadi gigabiti 20 bila kukupa onyo lolote, na gemu litafunguka kama kawaida. Na zipo laptopu za Thunderbolt 3 ambazo tundu lake lilipewa njia mbili za PCIe badala ya nne, yaani gigabiti 16. Hizo hazina tiba. Thunderbolt 4, iliyokuja 2020, ililazimisha 32. USB4 ya kawaida haikulazimisha kubeba PCIe kabisa, kwa hiyo umbo la tundu lisikudanganye. Draiva nitazitaja kwa ufupi: kama ulibadilisha kadi, ondoa za zamani zote kwa DDU, programu ya kufuta draiva za kadi, kisha weka mpya. Na mwenye Mac ya M1 asihangaike. Apple iliruhusu kadi za nje kwenye Mac za Intel mwaka 2018, lakini M1 ilipokuja hazikuruhusiwa.

Kinachonikera ni kwamba haya yote yanajulikana kwa wanaotengeneza na kuuza makasha haya, na bado boksi linaandikwa 40 kwa herufi kubwa. Mnunuzi ana haki ya kuona namba ya PCIe ikiwa imeandikwa palepale mbele, pamoja na sentensi moja tu kwamba skrini ya laptopu itapunguza kasi. Sentensi hiyo ingeokoa fedha za watu wengi. Teknolojia yenyewe inasonga: Thunderbolt 5 inatoa gigabiti 64 kwa PCIe, na OCuLink, tundu jingine linalounganisha PCIe moja kwa moja, ikiwa ya PCIe 4.0 yenye njia nne inatoa kiasi hichohicho bila kupitisha data kwenye Thunderbolt, ingawa lazima uzime kompyuta kabla ya kuchomeka au kuchomoa. Ningekuwa nanunua laptopu leo kwa nia ya kuiwekea kadi ya nje, ningeanza kwa kuangalia tundu lake, kadi ingefuata baadaye.

Kadi yangu kubwa bado ninayo. Monita imechomekwa kwenye kadi, chaja iko ukutani, kikomo ni 60, na kipimo cha kona ya skrini sasa kinasoma asilimia 80 na kitu kwenye magemu mengi. Kwenye yale yenye miji iliyojaa watu, fremu bado hushuka hadi 48 nikiingia sokoni. Hapo kinachozidiwa ni prosesa, na vipimo vinaonyesha hivyo waziwazi, kwa hiyo nimepunguza idadi ya watu barabarani na kadi nimeiacha ilipo.