Eti "fanya riseti tu"

Jana kwenye grupu la familia binamu yangu kauliza, simu yake inaganda, anagusa kitu leo kinafunguka kesho, afanyeje. Hata dakika haijaisha wameshajitokeza mafundi watatu na jibu lao ni moja, "fanya riseti tu, kila kitu kiko Gmail", yaani futa vyote simu irudi kama ilivyotoka kiwandani. Hiyo "tu" ndiyo imenipandisha hasira mpaka nimekaa kuandika hapa. Na hiyo "kila kitu". Maana mimi nilifanya riseti tu wiki tatu zilizopita, na kila kitu kilikuwa Gmail, basi ngoja niwaambie kilichokuwa Gmail.

Picha zilikuwepo, sitaki uongo. Zilirudi zote mpaka skrinishoti za 2019 ambazo hata sikumbuki nilizipiga za nini. Kalenda ikarudi. Apu zikaanza kujishusha zenyewe mojamoja, nikasema ah, kumbe watu wanaogopa bure, nikaichomeka chaji nikatulia zangu. Mara simu ikaita, namba tupu.

"Halo, nani mwenzangu?"

Kimya. Halafu: "Nani mwenzako? Yaani mimi leo ndio wa kuulizwa nani mwenzako?"

Shangazi. Dada mkubwa wa baba, mwenyewe. Shikamoo yangu ilifika imechelewa, na mpaka jioni ukoo mzima ulikuwa na habari kwamba siku hizi nimekuwa mtu mkubwa, nafuta namba za watu.

Kufungua orodha ya namba nakuta 61. Nilikuwa na mia nne na kitu. Na hizo 61 zenyewe ni za enzi za simu ile ya kwanza kuingiza Gmail, humo kuna watu laini hizo walishaziacha zamani. Nikachimba mpaka nikaelewa. Unaposevu namba mpya, pale juu kuna kijisehemu kidogo kinachoonyesha namba inakwenda kukaa wapi, kwenye akaunti ya Google, kwenye laini au kwenye simu. Changu kilikuwa kwenye simu. Nadhani niliulizwa mara moja tu siku ya kwanza, nikabonyeza mbio mbio kwa sababu nilikuwa nataka kumpigia mtu, na kuanzia hapo miaka mitatu nzima kila namba niliyosevu ilikuwa inaingia humo na kukaa humo humo kama maji ya mtungi. Siku ya riseti mtungi ukapinduliwa.

Sasa hapa ndipo nataka tugombane. Simu ilikuwa inajua! Ilijua kabisa kwamba namba zangu 340 haziko popote duniani isipokuwa ndani yake, maana yenyewe ndiyo iliyoziweka. Simu hii hii inanihesabia hatua ninazotembea, inajua apu gani imekula chaji asubuhi, inaniletea "kumbukumbu za miaka minne iliyopita" bila kuombwa, lakini inapofika kwenye kitufe cha kufuta maisha ya mtu inakuwa bubu ghafla. Inakwambia data zote zitafutwa, inakuorodheshea akaunti ulizoingia, halafu inakuuliza una uhakika? Ndiyo nina uhakika! Nina uhakika kwa sababu huko nyuma kwenye setingi umeniandikia bakapu, ile nakala ya akiba, imewashwa, na alama ya kijani umeweka! Sentensi moja tu ingetosha, "namba 340 ziko kwenye simu hii peke yake, nizihamishe kwanza?" Waliotengeneza hawashindwi. Na ipo hata setingi ya kuzivuta namba za kwenye simu ziingie kwenye akaunti, ipo kweli, imefukiwa ndani huko kwenye mambo ya Google, ila unatakiwa kuiwasha mwenyewe, na utaiwashaje kitu ambacho hujui kama kipo.

Na si namba peke yake. Ile bakapu ya Android kila apu inapewa MB 25 tu za data zake, na mwenye apu akitaka anaweza kukataa isibakapiwe kabisa. Kwa hiyo apu inarudi, rangi ile ile, jina lile lile, unaifungua inakukaribisha kama mgeni. Mimi nilikuwa na kiapu cha kuandikia madeni, nimekitumia muda mrefu, nilichokopesha na nilichokopa vyote humo. Kimerudi cheupe. Wanaonidai wote wanakumbuka hadi tarehe. Ninaowadai, kimya.

Haya, najua mtasema ni uzembe wangu, ningeangalia kabla. Sawa, ningeangalia. Ukurasa wa bakapu upo na unaonyesha lini mara ya mwisho ilifanyika, na sijawahi kuufungua hata siku moja. Lakini mwenye uzembe ndiye hasa anayehitaji kuambiwa, yule makini ana nakala tatu tayari.

WhatsApp ndiyo usiseme, ile ina bakapu yake pembeni, haihusiani kabisa na hiyo ya simu. Inafanyika saa 8 usiku wakati umelala, na inarudi kwa namba ile ile na Gmail ile ile basi. Ukirukia mbele ule ukurasa wa kurudisha meseji kwa haraka zako, ikawashwa upya na bakapu mpya ikapanda, inaandikwa juu ya ile ya zamani na ndio kwaheri. Mwaka 2021 wakaongeza kuifunga bakapu kwa paswedi au ufunguo wa tarakimu 64, jambo zuri sana, ila ukisahau paswedi hakuna wa kumlilia, hata wao hawawezi kukufungulia. Yangu ilirudi. Bahati tu.

Halafu kuna kichekesho cha kuingia Gmail yenyewe. Naweka paswedi, inaniambia "angalia simu yako, gusa ndiyo". Simu gani? Si ndiyo hii niliyoishika, tupu kama ilivyotoka kiwandani! Wenye akili walishachukua zile namba 10 za siri za dharura Google wanazotoa wakaziandika kwenye karatasi. Mimi nikaokolewa na meseji kwenye laini.

Ndugu yangu mwingine yeye alifuta kwa zile batani za pembeni, simu ilivyowaka ikadai Gmail ya mwanzo. Ulinzi huo upo tangu Android 5.1 ya 2015, ni kwa ajili ya wezi na siupingi. Tatizo Gmail alifunguliwa na mtu siku aliponunua simu, namuuliza paswedi ananijibu "mimi sijawahi kuwa na paswedi", na anamaanisha.

Na tafadhali msipoteze hela kwa programu zinazojinadi kurudisha vitu baada ya riseti. Simu za miaka hii data yake inakaa imefungwa kwa ufunguo, na riseti inautupa huo ufunguo. Hata kama mabaki yapo ni uji, hakuna wa kuyasoma.

Binamu nilimwambia hivi: kabla hujagusa chochote, chukua simu ya mtu au kompyuta, ingia Gmail yako humo, utafute namba ya mtu uliyemsevu mwezi huu. Ukiiona humo, haya. Usipoiona, achana na alama za kijani, nenda kwenye namba zako uzitoe zote ziwe faili moja ujitumie. Angalia na ile nafasi ya bure ya GB 15 ya Google kama haijajaa, maana tangu Juni 2021 na picha zinahesabiwa humo, ikijaa bakapu inasimama na kataarifa kenyewe unakafuta kwa kidole kama tangazo. Na kama simu yake inakwenda kufungiwa kabatini, asijipe moyo, bakapu ya simu isiyotumika siku 57 wanaweza kuifuta. Akanijibu na kidole gumba. Sijui ndiyo nimeelewa au ndiyo nyamaza.

Mimi kinachonisumbua sasa hivi ni wale watatu niliokuwa nimewasevu "Usipokee", "Usipokee 2" na "Usipokee KABISA". Namba zao nazo zimekwenda na maji. Juzi imeita namba tupu, nikaogopa yasije yakawa ya shangazi tena, nikapokea kwa heshima zote. Tumeongea dakika 20, nimemuahidi Jumamosi nitamtafuta, na mpaka naandika hapa sijui ni yupi.